Uzi wa Fedha kwenye Lori la Faki

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Harufu ya mpira unaoungua haifanani na ya kuni wala ya nguo. Inaingia puani ikakaa, na mimi tangu siku hiyo nikiisikia popote, hata kama ni mtoto wa jirani amechoma kiatu kibovu, nainuka nilipo na kuanza kuzunguka nyumba. Leo asubuhi nimezunguka nyumba hii mpaka miguu imeniuma, na hapakuwa na kitu kilichoungua. Nilichokiona ni wewe, umelala kifudifudi juu ya injini ya boti yako, unakata kipande cha msumari na kukipima mahali pa fyuzi.

Msumari! Ukaniona nakutazama, ukacheka, ukasema, "Bibi, hii haifi tena." Basi weka hilo koleo chini uje unisikilize. Na usiniambie nikae. Habari hii sijawahi kuisimulia nikiwa nimekaa kitako, na leo pia sitaweza. Kama nikizunguka nakuchosha macho, yafumbe, masikio yanatosha.

Babu yako Faki hukumdiriki. Wakati huo nilikuwa nimeolewa naye karibuni tu, tukikaa Jadida, pale Wete, nyumba moja na mama yake, Bi Time. Baba yangu mimi, Mzee Shaame, alikuwa sonara. Nilikulia mbele ya mvukuto wake, nikivuvia moto tangu sijui hata kusuka ukili. Ndiyo maana mpaka leo mikono yangu haitulii. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu ukimkalisha ataanguka.

Faki alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa karafuu. Lilikuwa lori la dizeli, na siku hizo malori karibu yote yalikuwa ya petroli, kwa hiyo mwenye kuendesha la dizeli alitembea na kifua mbele. Nami nilitembea na kifua mbele nyuma yake, sikufichi. Lakini ilikuwa ni wakati wa vita vya pili vya dunia. Meli zilikuja kwa nadra, mchele wa shida, kanga za shida, na vipuri vya mashine ndiyo usiseme. Kikivunjika kitu, ulikitengeneza kwa ulicho nacho.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo ulipokosea asubuhi. Injini ya dizeli, kama hiyo yako, haina cheche. Inawaka kwa joto, na asubuhi ikiwa baridi haina joto hilo, basi hutiwa plagi za moto. Ni vijiwaya vilivyozama ndani ya kichwa cha injini. Dereva anafungua swichi, umeme unapita, vile vijiwaya vinakuwa vyekundu, na mbele yake kuna jicho dogo nalo linakuwa jekundu kumwambia kwamba tayari. Hapo ndipo anapoipiga. Lile joto la dakika ile moja linakula umeme mwingi kuliko taa zote za lori zikiwashwa pamoja. Kwa hiyo waya wake ni mnene, na karibu na betri pana fyuzi. Ya lori lile ilikuwa kikopo cha kaure, ndani yake kijiwaya laini cha risasi na bati.

Injini ikishawaka, plagi za moto kazi yake imekwisha. Lori linaweza kwenda Wete mpaka Mkoani na kurudi bila ya kuzihitaji tena. Lishike hilo, maana sisi hatukulishika.

Yakaanza hivi. Jioni Faki anarudi na lori zima, analiegesha uwanjani, anafunga mlango. Alfajiri anakwenda kuliwasha, anafungua swichi, jicho halipati wekundu. Anafunua kikopo cha kaure, kijiwaya kimekufa. Anatia chengine, plagi zinawaka, lori linanguruma, anaondoka. Jioni anarudi salama. Alfajiri ya pili, fyuzi imekufa tena.

Ilikuwa haifi kila siku. Ingekufa kila siku labda angepata akili ya kutafuta. Ilikufa leo, kesho ikapona, keshokutwa ikafa. Na siku alipokosa nyingine ya kutia ilibidi majirani waje kulisukuma lori kwenye mteremko, wanaume na kanzu zao za kuendea msikitini, na wengine walikuwa wakicheka. Faki hakuwa mtu wa kuchekwa. Alianza kunyamaza chakulani. Alianza kuamka kabla ya adhana, anafungua mlango, anautazama uwanja, anaufunga. Na mimi, nawe unanijua, mtu akitembea ndani ya nyumba silali. Tukawa watu wawili tunaozungukiana.

Kisha tajiri akamwambia kwamba mzigo wake hauwezi kungoja kusukumwa, na kwamba wako madereva wengine. Hapo ndipo Bi Time alipoingia.

"Yuno mwanangu kaonewa jicho," akasema. "Hino si kazi ya mashine. Jioni zima, asubuhi limekufa. Kuna ntu yuwaja usiku."

Faki mwanzo hakutaka kusikia. Lakini usiku mmoja alijilaza ndani ya lori na panga lake, akakesha. Hakuja mtu, hakuja hata paka. Alfajiri akafunua kikopo, kijiwaya kimekufa. Basi badala ya kujiuliza kama hakuja mtu ni kitu gani kimekiua, akarudi ndani amepauka, akamwambia mama yake, "Mama, yakini. Huyo ajaye haonekani."

Unacheka? Usicheke. Ungekuwepo ungeamini vilevile. Sisi watu wa Pemba tukikosa kuona kitu, hatusemi hatukukiona, tunasema hakionekani. Ni maneno mawili yaliyokaribiana sana na yametupeleka pabaya mara nyingi.

Bi Time alikuwa na hirizi ya marehemu mume wake, imening'inia kwenye mkufu wa fedha. Mkufu mzito, kazi ya zamani. Akautoa sandukuni, akavunja vipete vyake vya mwisho, akampa Faki. Fedha ile, akasema, imesomewa tangu haijavaliwa, na fedha haishikwi na hasadi. Aivutishe uzi kwa sonara, auweke pale kwenye kile kikopo, ataona kama kitakufa.

Mimi nilikuwa jikoni na mkono kwenye unga. Nikasikia. Nikatoka na unga wangu mikononi, nikamngojea Faki mlangoni mpaka mama yake alipokwenda kusali. Mkwe hajibiwi mbele ya mtoto wake, lakini mume anaweza kuambiwa.

"Bwana'ngu," nikamwambia, "miye ni mtoto wa sonara. Risasi huyeyuka ukiionesha moto tu. Fedha huvuviwa mpaka jasho likutoke ndiyo iyeyuke."

Akanitazama kama aliyepewa habari njema. "Ndiyo maana twaitaka," akasema. "Twataka kitu kisichokufa."

Nikarudi kwenye unga wangu. Nilijua habari za risasi na fedha, lakini habari za umeme sikuzijua, na yeye ndiye aliyekuwa dereva. Nilibaki na wasiwasi usiokuwa na jina. Hakuna kitu kibaya kama kuwa na roho juu halafu ukiulizwa una nini, huna cha kutaja.

Akaenda kwa baba yangu. Akamwambia, "Mzee, mama ataka uzi wa kutungia hirizi." Baba hakuuliza. Mkwe kaja na fedha yake, atamuuliza nini? Akaivuta uzi mzuri, mnene kidogo kwa sababu hirizi ni nzito, akampa kwa mikono miwili.

Na kweli, mwanangu, haikufa. Asubuhi ya kwanza jicho likawa jekundu mara moja. Ya pili vilevile. Lori likawaka kila alfajiri, majirani wakapumzika, tajiri akanyamaza, Bi Time akapita mitaani anasalimia watu ambao zamani alikuwa hawasalimii. Faki alirudi kuwa na maneno chakulani. Ni mimi peke yangu niliyekuwa situlii. Lori likirudi jioni nilikwenda kuligusa pale pembeni, chini ya mlango, ulipopita waya. Mara nyingine palikuwa na uvuguvugu. Nikisema, Faki anasema, "Lori latoka Chake, Mize. Wataka liwe baridi?"

Ikaja harusi ya kijijini Wawi, karibu na Chake. Mtoto wa dada yake Bi Time alikuwa anaolewa, na Faki alikuwa na mzigo wa makonyo wa kupeleka Chake, kwa hiyo akasema wanawake wote wa upande wetu watapanda juu ya magunia, watapata safari. Unayajua makonyo, vijiti vya karafuu vilivyokaushwa. Vimejaa mafuta. Ukitupa konzi moja motoni, moto unaruka. Sisi tulipanda juu ya gari zima la hayo, na watoto wachanga, na masinia ya vyakula, na sanduku la bi harusi. Bi Time kwa heshima yake akakaa mbele, pembeni ya mwanawe. Waya ule ulipita chini ya miguu yake.

Nilikuwa nyuma kabisa ya chumba cha dereva, nimeegemea bati lake. Tulipotoka Wete wanawake wakaanza kuimba. Na harusi bila ngoma si harusi, na ngoma zilikuwa zimetangulia Wawi, basi wakapiga bati la lori. Waliokuwa karibu wakilipiga kwa viganja, na waliokuwa mbali wakipiga masinia. Barabara yenyewe vilima na makorongo, inaturusha, tunapiga kelele, tunacheka. Mimi nilikuwa sikupiga. Nilikuwa nasikiliza.

Tuliteremka kilima kimoja kirefu, na chini yake pana shimo. Lori likadunda. Na muda mdogo baada ya hapo ikaja ile harufu.

Nikainama pembeni. Chini ya mlango wa Bi Time palikuwa panatoka moshi mweusi, mwembamba, na upepo unaurudisha kwetu. Nikaanza kulipiga lile bati. Unajua kwamba abiria wa nyuma akitaka lori lisimame hugonga bati la dereva. Nikagonga kwa ngumi zote mbili, nikaita, "Faki! Simama! Faki!"

Wanawake wenzangu wakaniona nimepandwa na furaha. Wakashangilia, wakaniongezea vigelegele, na wao wakapiga kwa nguvu zaidi. Na Faki kule ndani alisikia ngoma ya harusi imekolea. Aliniambia baadaye kwamba alitabasamu. Harufu naye aliisikia, akadhani ni breki, kwa kuwa tumetoka mteremkoni. Bi Time alikuwa anatafuna tambuu, hakusikia kitu.

Moshi ukawa mnene. Nikamshika mmoja begani nikamwonesha chini, akapiga ukelele, lakini ukelele ndani ya vigelegele ni kigelegele kingine. Mbele yangu ni bati, na nyuma ya bati ni mume wangu na mama yake, na chini yao ni moto, na juu ya magunia watoto. Sikuwa na sauti ya kumfikia.

Basi nikavua buibui.

Mwanangu, wewe umezaliwa zama za mwisho, hujui ilikuwa nini mwanamke aliyeolewa juzi kuvua buibui juu ya lori, mchana kweupe, watu wanapalilia pembeni mwa barabara. Nililivua nikapanda juu ya lile bati kwa tumbo, nikalitupa buibui mbele, likafunika kioo chote, nikalishikilia kwa ncha. Dunia ikamzimikia Faki. Akakanyaga breki, lori likaenda upande na kusimama na pua yake ndani ya majani.

Nyimbo zikakatika. Sasa kila mtu akaona. Wanawake waliruka na watoto wao, wengine wakawarusha kwanza wakafuata. Mimi nikateremka kwa ubavu, nikaufungua mlango wa Bi Time. Mbao za chini zilikuwa zinafuka. Nikamshika kwapani nikamvuta mpaka tukaanguka pamoja barabarani, na kanga yake imeshika moto pindoni, nikauzima kwa kuulalia. Neno lake la kwanza, naapa, lilikuwa, "Mize, jisitiri."

Lori lilikuwa bado linanguruma. Injini ya dizeli haijui kama inaungua, inaendelea tu na kazi yake mpaka uikatie mafuta. Faki alivuta mkono wa mafuta likanyamaza, kisha akalala chini kwenye betri. Waya ulikuwa mwekundu, mwanangu, wote, kama jicho la plagi lilivyo asubuhi. Na ulikuwa umefungwa pamoja na bomba la dizeli kwa kamba ya usumba, ili usining'inie. Ni yeye mwenyewe aliyeufunga, akaona ni unadhifu. Ile kamba ilikuwa imeshawaka, inalamba bomba.

Hakuwa na koleo mkononi, hakuwa na tambara. Kama angerudi kuchukua, bomba lingepasuka na makonyo yangeshika. Aliushika ule waya kwa mkono wa kulia akauvuta. Haukutoka. Akauvuta tena bila ya kuuachia, mpaka ukang'oka kwenye betri. Sauti aliyoitoa nimeisikia, na sitakusimulia.

Waliokuwa wakipalilia walikuja na majembe, na wanawake wakachota mchanga kwa kanga zao. Tukauzika ule moto. Magunia hayakushika. Hakufa mtu, hakuungua mtoto. Nilikwenda kwenye kile kikopo cha kaure nikakifunua. Waya wote umekuwa majivu na shaba tupu, mbao zimekuwa mkaa, na ule uzi wa fedha umekaa mahali pake, mzima, unang'aa. Nilitaka kuutupa korongoni. Sikuutupa, niliufunga kwenye pindo la kanga.

Kesho yake baba yangu alifika hospitali ya Chake, ambako Faki alikuwa amelazwa na mkono umefungwa mpaka kiwiko. Alikuwa amepitia kwenye lori njiani. Mtu aliyeishi na madini hawezi kupita kwenye chuma kilichoungua bila ya kukitazama. Hakusalimia sana. Nilimpa ule uzi, akaugeuza kidoleni, akaujua.

"Huno ni uzi wangu," akasema. "Uliniambia wa hirizi."

Faki akasema, "Nisamehe, Mzee. Fyuzi zikifa kila mara. Tukaona..."

"Zikifa?" Baba alisimama. Alikuwa mfupi, lakini chumba kilimtosha. "Nani kakufundisha neno hilo? Hazikufa. Zikikufia. Watu hufia dini yao, hufia watoto wao. Na kile kijiwaya kila siku kikikufia weye, na mamako, na mwanangu huyu. Chakwambia kwa kufa kwake kwamba kuna jambo huko mbele. Weye wazika, watia chengine. Hukuuliza hata siku moja, yakhe, kwani chanifia?"

Faki akajibu polepole kwamba fyuzi ilikuwa ikifa usiku, lori limesimama.

"Usiku? Uliiona ikifa usiku?" Baba akatoa mfukoni kipande cha waya. "Kuna bamba la chuma chini ya mlango, waya wapita ubavuni mwake. Mpira umelika, shaba imeng'ata chuma. Kila shimo la njia lilikuwa likivigusanisha. Ilikuwa ikifa mchana, nawe waendesha. Injini imeshawaka, huna haja nayo, hutajua. Wajua asubuhi ukiitafuta. Ulikesha na panga unamlinda maiti."

Hapo Faki akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na baba pia macho yalimjaa, lakini hakuacha. "Na mkono wangu miye umeutia humo," akasema. "Nimekuvutia uzi mzuri. Ningejua wa nini, ningeukata." Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akakishika kile kitambaa kilichofunga mkono kwa ncha za vidole, akawa anamsomea.

Sasa ngoja nikwambie ya injini, maana nawe una koleo. Mimi nayajua, usinitazame hivyo. Faki alipopona alirudi kwenye malori, lakini ule mkono haukufanya tena kazi ya skrubu, na aliyekuwa akizifunga kwa maelekezo yake, nyuma ya nyumba, ni mimi. Nimeshafunga nyaya nyingi kuliko hizo ulizokwisha kuziona.

Fyuzi ikikufia, usiitie nyingine mpaka umefuata waya wote kwa kidole, kutoka betri mpaka plagi. Tazama penye kona, penye bamba, penye tundu la chuma. Hapo pavalishe kipande cha mpira, na waya ufunge usicheze. Lakini usiufunge na bomba la mafuta hata kwa unadhifu gani, na uuweke mbali na bomba la moshi. Waya wenyewe uwe mnene na mfupi. Mwembamba utapata joto hata bila kosa, na plagi zako hazitawaka vizuri, nawe utadhani ni plagi. Vichwa vyake visafishe na uvikaze, maana kilicholegea kinaungua. Fyuzi iweke karibu kabisa na betri, kwa sababu kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Na ukubwa wake usiupime kwa haraka zako. Iwe inatosha kupitisha kile ambacho plagi zote zinakula zikiwaka, na izidi kidogo tu, lakini iwe dhaifu kuliko waya. Lazima iwe dhaifu kuliko waya, mwanangu. Ikiwa na nguvu kuliko waya, basi waya ndio utakaokuwa fyuzi, na waya wako unapita chini ya miguu ya watu. Usitie msumari, wala karatasi ya sigara, wala fyuzi kubwa ya rafiki yako kwa kuwa ndogo zimekwisha. Beba za akiba za namna ileile, na kama huna, usiondoke. Wacha wakucheke.

Umeliweka koleo chini. Vizuri. Basi na hili nimalizie, halafu nitakaa.

Faki aliporudi nyumbani, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja vikagoma, havifumbi wala havifumbuki. Siku ya kwanza nikamwekea wali na mchuzi wa pweza anaoupenda. Akapeleka mkono, tonge halikusimama, likamwagika mkekani. Akajaribu tena. Wa kushoto hakutaka kuutumia, na kijiko alikisukuma. Akageuza uso ukutani. Bi Time aliona, akainuka akaenda zake ukumbini, na tangu siku hiyo hakula tena sahani moja na mwanawe. Nilimwonea huruma kuliko nilivyomkasirikia.

Basi nikamega mimi. Nikalifinyanga tonge, nikaliweka juu ya vile vidole vyake vilivyokunjika, nikavuta mkono wangu haraka, akalipeleka kinywani mwenyewe. Nikamega jengine. Tulikula hivyo mpaka alipokufa, watoto wetu wote wamekua wakidhani ndivyo wanavyokula watu waliooana. Nami nilimpenda, sikuona taabu. Lakini kila tonge, mwanangu, kila tonge la kila siku, nilijua kwa nini naliweka pale.

Nenda kautoe ule msumari. Mungu akufungulie bahari na akurudishe nchi kavu na wote uliowapakia. Akupe macho ya kuona kinachoonekana. Akupe mke mwema, umlishe na akulishe kwa mapenzi tu, na mkono wako wa kulia ufumbe na ufumbuke mpaka siku utakapozikwa nao. Amin.